Mtamba wa Mheshimiwa

Jumamosi, 11 Aprili

Nimepewa ng'ombe! Mimi! Mtoto wa majaruba ya mpunga, muuza mbegu na dawa za wadudu wa Kilosa mjini, leo nina ng'ombe wangu mwenyewe. Mtamba mwekundu, doa jeupe kwenye paji la uso, macho utafikiri kapakwa wanja.

Ilikuwa kwa Mzee Kulwa, yule mfugaji aliyehamia huku kutoka Shinyanga. Nilikwenda kuzungumza na wafugaji habari za josho. Nilijua nitasemwa — miaka kumi ya udiwani niliwabana sana. Hawakunisema! Waliniita mbele, mzee akanishika mkono, akasema kuanzia leo mimi ni Ng'wana Kulwa, yaani mtoto wake, na mtoto wa nyumba ile hakai bila ng'ombe. Mkewe, Mama Kishiwa, akapiga kigelegele hadi mbwa wakakimbia. Nililia. Mbunge mzima nalia mbele ya ng'ombe!

Mzee akashauri mtamba abaki zizini kwake na wenzake. Kwao ndivyo inavyokuwa: ng'ombe ni wako, ila anakaa kwa aliyekupa, wewe unakuja kumsalimia na kuhesabu ndama. Nikakataa. Niliona kumwacha ni kama kuikataa zawadi. Na hapa hakuna anayesoma, kwa hiyo niseme — nilitaka majirani wa mama wamwone! Mzee akafungua zizi. Haya mwanangu, akasema, umeamua.

Tumemswaga hadi kwa mama, kijijini kwetu, ukishapita Kilangali. Watu milangoni wote. Mama amemzunguka mara mbili, kaniuliza anakula nini. Nikasema majani. Akauliza na akitaka kwenda kwao? Nikasema mama, nimeleta kamba.

Jumapili, 12 Aprili

Mikumi. Mkutano na akina mama wa sokoni. Watu wengi kuliko nilivyotegemea, hadi madereva wa malori walishuka kusikiliza! Sauti imeniishia.

Jamaa mmoja nyuma akapaza: wewe wa viti maalumu, nani alikupigia kura? Wanaume wa Mikumi wana midomo jamani. Nikamwambia udiwani niligombea mara mbili na mara zote mbili niliwashinda wanaume wenye sauti kama yako. Akina mama walicheka, akakosa pa kuficha uso. Lakini limenichoma. Kila ninakokwenda ni hilo hilo. Wa kubebwa. Mbunge asiye na jimbo.

Nikawaeleza sheria yangu, ile ndogo niliyoipitisha kwenye kata yetu. Mfugo ukiingia shambani unafungwa kwenye zizi la kijiji. Mwenye mfugo anakuja mwenyewe — si mchungaji wake, si hela ya kutuma kwa simu. Anasimama mbele ya kijiji kwenye kikao cha kwanza kinachofuata. Anasema jina lake, anataja mfugo wake, anamwomba radhi mwenye shamba. Basi! Hakuna maelezo. Zamani matajiri wa ng'ombe walikuja na wasemaji wao, wakaeleza hadi jua likazama, mkulima akachoka akaenda zake nyumbani bila kitu. Mimi nililikata hilo. Tangu hapo hakuna aliyechomewa nyumba kwenye kata yetu.

Wakapiga makofi hadi nikasahau yule jamaa. Nikawaambia nataka sheria hii iwe ya nchi nzima, na nitaisemea bungeni. Nimeshasema. Sasa lazima.

Ijumaa, 17 Aprili

Dodoma. LIMEPANGWA! Swali langu la msingi, la kwanza tangu niapishwe, Alhamisi tarehe 23, asubuhi, mbashara kwenye televisheni. Je, Serikali ipo tayari kuifanya sheria ndogo hii kuwa mwongozo kwa halmashauri zote?

Deogratias, katibu wangu, ameleta habari anakimbia, tai imeenda mgongoni. Deo ni mtulivu, akikimbia ujue kuna jambo. Tumeandaa na maswali mawili ya nyongeza. La pili ni kali! Naibu Waziri atakunywa maji.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. "Mheshimiwa Spika, ahsante kwa kunipa nafasi." Mkono wa kushoto sijui niuweke wapi. Nguo: lile gauni la kitenge cha kijani. Deo anasema kijani kwenye televisheni kinameza mtu. Deo anajua nini kuhusu nguo? Navaa kijani.

Nimempigia mama. Amesema mtamba hali majani vizuri, anatazama upande wa mtoni, kwa Mzee Kulwa, kutwa nzima na kulia. Nikasema atazoea.

Jumanne, 21 Aprili

Hapana. Hapana, hapana, hapana!

Mtamba amekata kamba. Alfajiri. Ameondoka kwa mama moja kwa moja kuelekea kwa Mzee Kulwa, njia ile ile tuliyomleta, na katikati ya njia ni mpunga wa Agatha. Agatha! Aliyeongoza ngoma kwenye kampeni zangu zote, aliyenifunga kanga kiunoni siku ya matokeo. Mpunga unaanza kutoa masuke. Jaruba moja zima limelala chini.

Agatha hakupiga kelele, mama anasema. Amemshika mtamba mwenyewe, amempeleka kwenye zizi la kijiji, amewaambia walio pale: mnajua wa nani.

Nimempigia Ditram, mwenyekiti wa kijiji. Nikaongea kwa heshima zote. Kikao cha kwanza ni lini? Alhamisi saa nne asubuhi, Mheshimiwa. Hakiwezi kusogezwa hadi Jumamosi? Ditram akasema, tena kwa upole, hilo ndilo lililoniua: Mheshimiwa, wewe ndiye uliyetuandikia hakuna kuahirisha.

Alhamisi. Saa nne. Na swali langu Alhamisi saa tatu!

Nimecheka peke yangu hadi mhudumu wa hoteli akagonga mlango. Si kicheko cha furaha lakini.

Jumatano, 22 Aprili

Mzee Kulwa amepiga asubuhi. Shikamoo baba. Marahaba mwanangu. Akasema amesikia, nisihangaike, nibaki Dodoma nifanye kazi ya Serikali. Yeye atasimama. Atasema mtamba ni wake. Si uongo sana, alikuwa anarudi kwangu, akasema. Tena mimi nimezoea kusimama pale, akaongeza, nimeshasimama mara nne.

Mara nne! Sikujua. Nimekula ugali kwake na sikujua.

Deo ana macho ya kuniomba. Mheshimiwa, anasema, mzee amejitolea mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Swali unaweza kumpa mwenzako akuulizie kwa niaba, lakini maswali ya nyongeza yatakuwa yake, sura kwenye televisheni yake, na Mikumi watasema nini? Tumebishana. Nimemwambia maneno makali, nikamwomba radhi, tukabishana tena.

Nataka sana hilo swali. Nalitaka kama mtoto anavyotaka nguo ya Idi, siwezi kujidanganya. Lakini nikijiona nimekaa kwenye kiti laini nasema mwenye mfugo aje mwenyewe, na saa hiyo hiyo mzee wa watu amesimama juani kwa ajili ya mfugo wangu — siwezi! Nitatapika palepale mbele ya Spika.

Nimempa Mheshimiwa Devota swali, yule wa viti maalumu tunayekaa naye mstari mmoja. Amefurahi mno. Ameniuliza avae nini.

Jioni nimepanda treni ya mwendokasi hadi Kilosa. Kwenye mahandaki masikio yaliziba. Gauni la kijani nimelibeba, sijui kwa nini.

Alhamisi, 23 Aprili

Naandika nimekaa kwenye ngazi za ofisi ya kijiji. Wameenda kuswali adhuhuri, mimi niko kwenye siku zangu, nimebaki. Niandike haraka kabla hawajarudi.

Nilifika mapema. Nilikwenda kwanza kwa Agatha, nikamsalimia, akaniitikia, akaendelea kupepeta. Nikasema dada, nimekuja. Akasema nakuona. Basi.

Kikao kimejaa! Hata Mzee Kulwa yuko, kakaa nyuma, kofia mapajani. Sikuwahi kuhudhuria kikao hiki. Sheria niliiandika mimi, nikaipigania hadi ikapita, nikaja kupiga picha siku ya kuzindua zizi, lakini mtu akisimama sijawahi kuona hata mmoja. Leo ndiyo mara ya kwanza.

Kabla yangu alikuwepo mfugaji anaitwa Amos, kijana mwenye mke na watoto wawili, ng'ombe wake watatu waliingia kwenye mahindi ya mtu. Akasimama. Akataja jina, akataja ng'ombe, akaomba radhi. Halafu akasema: kivuko kile cha chini kimebebwa na mafuriko, ikabidi nipitishie juu, na juu —

Ditram akagonga meza. Hakuna maelezo. Sheria ya Mheshimiwa.

Watu wakacheka. Wote wakageuka kunitazama, na Amos naye. Hakunitazama kwa chuki, afadhali ingekuwa chuki. Alikuwa na neno mdomoni na akalimeza, nililiona likishuka kooni. Akakaa.

Zamu yangu. Nimesimama mbele ya mikutano ya maelfu, nimezomewa Ruaha hadi nikazoea, na leo mbele ya majirani zangu nilisahau pumzi. Nikasema: naitwa Mwamvua. Mtamba mwekundu ni wangu. Dada Agatha, naomba radhi.

Na hapo ndipo nilipotakiwa kukaa. Mimi! Ambaye mama anasema nilizaliwa nikiongea! Nilikuwa na kitu cha kusema, kimejaa hadi kwenye meno. Kwamba hakuja kula. Alikuwa anarudi kwao, kwa njia anayoijua, na njia hiyo kila mwaka tunailima kidogo kidogo hadi imebaki jina, na mimi kwa ujinga wangu nilimtoa kwa wenzake nikamfunga kamba kwa ajili ya majirani. Nikafungua mdomo: ng'ombe huyu hakuja —

Hakuna maelezo, Mheshimiwa, akasema Ditram. Safari hii hakuna aliyecheka.

Nikabaki nimesimama kama nguzo. Aibu ilinipanda hadi kwenye masikio, nayasikia bado yana moto. Agatha ndiye aliyeongea. Akasema, mwacheni aseme, mpunga ni wangu na nataka kujua kwa nini alipita kwangu. Amos akainuka: basi na mimi nisikilizwe! Mwenye mahindi akainuka: hapo ndipo tutarudi kule kule kwa wasemaji! Kelele! Mzee Kulwa yeye anageuza kofia tu.

Ditram akasema tuvunje kwa swala. Tukirudi ni jambo moja: sheria ibaki ilivyo, au tufungue mlango wa maelezo. Na ataanza kuulizwa mwenye sheria.

Nikawasha simu. Meseji zikamwagika kama mtama. Hongera! Hongera Mheshimiwa! Deo akapiga, sauti imepasuka kwa furaha, sijawahi kumsikia hivyo. Wamekubali! Naibu Waziri amesimama akasema Serikali imeipokea sheria hiyo, itaitoa kama mwongozo kwa halmashauri zote nchini kabla ya Julai. Neno kwa neno, Mheshimiwa! Hawajabadilisha hata nukta, hata lile la hakuna maelezo! Wabunge wamegonga meza!

Na nimeruka! Nimeruka kweli, hapa hapa kwenye ngazi, nimepiga kelele, nikakumbatia nguzo ya ofisi. Nchi nzima! Yule jamaa wa Mikumi aje sasa aniulize nani alinipigia kura!

Nikageuka. Amos alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta, yeye ni Mkristo, hakwenda kuswali. Amesikia yote. Akasimama, akaniambia hongera, Mheshimiwa. Kwa adabu kabisa.

Furaha haijaisha, hilo ndilo la ajabu. Iko hapa inaruka kifuani, na pembeni yake kuna kitu kingine kimekaa hakitaki kuondoka. Nchi nzima. Kila kijiji, kila Alhamisi, mtu na neno lake kooni.

Deo kapiga tena. Mwandishi wa habari yuko kwenye laini, anataka sentensi moja tu ya mwenye hoja, irushwe saa saba. Useme umefurahi, Mheshimiwa, inatosha. Nikasema asubiri kidogo.

Watu wanatoka msikitini. Agatha anakuja kutoka kwake, amebadilisha kanga. Ditram anaburuta meza yake kukifuata kivuli.

Nimempa Amos simu. Nimemwambia huyo ni mwandishi, mweleze. Kaniuliza nimweleze nini? Nikasema yote uliyozuiwa kusema. Ameishika kwa mikono miwili. Amesema jina lake. Amesema ng'ombe wake ni watatu. Amesema anaomba radhi. Na sasa amenyamaza, simu sikioni, ananitazama kuona kama anaruhusiwa kuendelea.

Ditram ananiita. Namwashiria Amos kwa mkono, sema, sema —