Afisa Mdogo wa Malaba

Mjukuu wangu Awori,

Pokea salamu kutoka Mukuju. Sote tu wazima, na mihogo aliyoipanda marehemu babu yako tumeanza kuila.

Umeniuliza utajuaje kama mtoto wa chekechea asiyesema amechelewa kukua. Nilipokuwa mwalimu kijana kule Malaba, tulikuwa na Athieno. Kila tulipompima alinyamaza, hata jina lake hakulitaja, na mwalimu mkuu akataka kumrudisha nyumbani.

Nikamwomba, "Madamu, tumtazame kwanza akicheza."

Tukakaa pembeni. Watoto walikuwa wakisukuma vifuniko vya soda kama malori ya mpakani, na Athieno ndiye aliyekuwa afisa wa forodha. Athieno alimfokea mtoto wa Kiteso kwa Kiteso, wa Kisamia kwa Kisamia, na wote wakamtii.

Mwalimu mkuu akaokota kifuniko, akachuchumaa mwisho wa foleni. Zamu yake ilipofika, Athieno alimkagua kutoka juu hadi chini, kisha akasema kwa Kiswahili, "Na wewe mama, umebeba nini? Fungua tuone!"

Hakurudishwa nyumbani. Mpaka leo naikumbuka sauti ile.

Huyo wako, umeshamwona akicheza?

Nyanya yako