Jarida la Kwetu

Tarehe 3 Machi, mwaka wa thelathini na nane tangu niondoke

Dada yangu,

Shikamoo. Magoti yananisumbua, ila ngazi za maktaba bado nazipanda. Umeniuliza kama nitarudi nyumbani nikistaafu mwezi ujao.

Unajua kazi yangu ni kushughulikia majarida ambayo chuo hulipia kila mwaka. Lisilosomwa husitishwa, na tunahesabu yale yaliyoachwa mezani jioni. Basi lile la kwetu nimekuwa nikilitoa rafuni kila Ijumaa na kuliacha mezani, lihesabiwe.

Juzi mkuu wangu alinifuma.

“Kumbe ni wewe, mzee? Miaka yote hii nilidhani lina wasomaji.”

“Hata mimi silisomi,” nikamjibu. “Naliweka tu.”

Alicheka, kisha akaniagiza niandike mwenyewe barua ya kulisitisha. Niliandika huku nikingoja iniume. Haikuniuma. Nikabandika stempu, nikaenda kunywa chai.

Kila ulipouliza nilikujibu “mwakani”, kwa kuwa sikuwa na ujasiri wa kukwambia vingine. Uniwie radhi, dada. Sitarudi.

Mdogo wako