Chafya kwa Ng'ombe wa Udongo

Lodwar, 9 Machi 1997

Kwako Nyawech,

Ejok, hujambo? Huku ni joto tu, na samaki wa Kerio wameadimika sokoni.

Jumapili ile ulikuwa jikoni, kwa hiyo nakueleza nilivyoona. Kwa vile kambini Kakuma hamna ng'ombe, baba yako alipanga ishirini wa udongo mkekani ili tujadili mahari. Kabla hajamaliza, nilipiga chafya kumi na moja na midomo ikavimba.

"Wewe ni Mturkana gani?" akauliza. "Hii ni udongo!"

"Najua, mzee."

"Mwili yako imekataa ng'ombe. Basi imekataa msichana."

Haujakataa. Daktari wa hapa amenipima. Manyoya ya ng'ombe yamenidhuru tangu utotoni, na mwili umejifunza kwamba macho yakiona pembe, manyoya yanafuata. Sasa unaanza kujikinga mapema, hata pasipo unyoya. Anasema mwili unaweza kusahau ulichojifunza, nikimtazama ng'ombe wa udongo kila siku bila kudhurika.

Nimefinyanga mmoja, yuko mezani karibu na chai. Wiki ya kwanza alinivimbisha jicho. Sasa sivimbi. Ng'ombe wa kweli atawaswaga ndugu yangu Ekidor, mimi nisimame mbali.

Nasikia Thuok wa Lokichoggio ameleta posa, na kwamba alikaa na ng'ombe wale saa nzima, pua kavu. Nyawech, nimebakiza chafya mbili tu kwa siku. Usimjibu bado.

Wako,
Erupe