Safu ya Nne ya Daftari Lako, Shangazi

Mwaka umetimia, Shangazi, tangu asubuhi ile ulipoinamia cherehani kushona mfuko wa shati na hukuinuka tena. Kitambaa bado kipo chini ya sindano.

Ulishonea nusu ya mtaa, na aliyekuja kupunguza kiuno cha suruali hakuondoka bila kuulizwa nani kwao alikufa, lini, na kwa nini. "Fundi, nimeleta sketi, sijaleta maiti," mama muuza mboga alikuambia. Ulicheka na pini zako mdomoni, kisha ukamuuliza tena.

Daftari lako la wafu wa ukoo lilikuwa na safu tatu: jina, mwaka, ugonjwa. Kuanzia babu yako hadi mdogo wako wa kiume, baba yake Kimya, ugonjwa wa wengi ulikuwa neno moja: kifua. Kaka yako mkubwa alijivunia neno hilo kama mtu aliyeachiwa shamba. "Kifua ni chetu, tumezaliwa nacho," alisema katika kila msiba. Kimya alipofika darasa la tano, kaka yako akasema, "Huyu naye anacho, hafiki mbali. Asomeshwe ya nini?" Mtoto akatolewa shule, akaja kwako kukata nyuzi. Hakuwa msemaji, ndiyo maana ukamwita Kimya.

Ndipo ukachora safu ya nne: kazi. Ulikaa kwenye benchi la ofisi ya vizazi na vifo mpaka karani akakuzoea. Wote wa kifua walifanya kazi kwenye kiwanda cha kusaga mawe. Wifi yako, aliyeolewa tu kwetu na kufagia mle miaka sita, kifua. Mpangaji wetu wa chumba cha uani, mpakia magunia mle mle, kifua. Waliolima na walioshona walikufa kwa mengine.

Ulimsomea kaka yako mbele ya ukoo mzima.

"Damu ni damu," akasema.

"Na mpangaji? Yeye damu yetu aliipata kwa kulipa kodi?"

Watu walicheka, yeye akaomba maji. Miaka ishirini na miwili ni nyapara kiwandani pale, anakaa kwenye kibanda cha vioo na madirisha kayafunga, huku ndugu zake wakitoka kwenye mashine weupe kwa vumbi hadi kope. Yeye hajawahi kukohoa hata kwa adabu.

Siku ya kukuzika alisimama akatangaza kwamba kifua cha ukoo kimekuchukua. Wewe, ambaye ukimwita Kimya alisikia akiwa sokoni. Tulikuwa tunalia. Anajua kuchagua wakati.

Mwezi uliopita alileta tangazo hili la kumbukumbu yako likiwa tayari limeandikwa kwa maneno yake: "aliyefariki kwa ugonjwa wa ukoo." Anataka pia mdogo wa Kimya aanze kazi kiwandani. "Kifua atakufa nacho popote," alisema, "bora afe na mshahara."

Kimya aliisoma karatasi, akaikunja mara nne, akaisukuma chini ya mguu wa meza ya cherehani unaocheza.

"Baba Mkubwa, mdogo wangu haendi."

Hajawahi kumwambia maneno mengi kuliko hayo. Meza nayo imetulia. Jumatatu mdogo wake atamalizia mfuko ule.

Tumekuandika daftarini, Shangazi: miaka hamsini na saba, presha, fundi cherehani.

Tunaokukumbuka, kila mmoja na safu yake ya nne: mama yako, mkulima; Kimya, fundi cherehani; mdogo wake, anajifunza kushona; jirani yako, muuza mboga. Kaka yako mkubwa aliomba naye atajwe. Tumemtaja: nyapara wa kiwanda cha kusaga mawe, mzima wa afya.

Hutasahaulika kamwe. Na yeye pia.