Wembe wa Baba Umefika Kakuma

Lodwar, Jumanne jioni

Mama mpendwa,

Kabla hujaendelea kusoma, tafadhali keti. Mwite na Kaka Mwakio, naye avue kofia. Nina heshima ya kuitangazia familia nzima kwamba mimi, mwanao wa pili, mwenye miaka arobaini na sita na vidole vinene kama ndizi, sasa najua kunyoa kwa wembe wa Baba. Wala hakuna tone la damu lililomwagika. Tangazo limekwisha, Kaka anaweza kuvaa kofia yake.

Sasa nikuamkie kama mtu mwenye adabu. Shikamoo, Mama. Goti linaendeleaje na baridi ya huko Wundanyi? Ile dawa ya kuchua uliipata? Mimi ni mzima, ila jua la huku linanikausha kama muhogo ulioanikwa. Pampu za maji hazikosi kuharibika, kwa hiyo fundi anatafutwa kuliko chifu.

Unakumbuka siku uliponikabidhi ule wembe wa kukunja, wenye mpini mweusi, umeufunga kwenye leso ya marehemu Baba? Kaka alicheka hadi akakohoa. "Huyu? Atajichinja!" Nawe ukasema nikae nao mpaka Krismasi, nikishindwa kuutumia niurudishe apewe Kaka, kwa maana wembe wa Baba haukuwa wa kulala sandukuni. Nilitabasamu, Mama, lakini njia nzima hadi Lodwar niliyarudia maneno hayo kichwani. Kaka ana shamba la Baba, ana hata sauti yake. Mimi nina huo wembe tu.

Nikaanza kama tulivyomwona Baba tukiwa wadogo: alijipaka povu uso mzima, akanywa chai nusu kikombe ndevu zilainike, kisha akarudi kwenye kioo bila haraka. Nami nikajipaka, nikanywa chai. Kumbe Baba alikuwa na ukungu wa Wundanyi, mimi nina upepo wa Lodwar! Niliporudi kwenye kioo, povu lilikuwa limekauka usoni kama chokaa ukutani. Nikapitisha wembe hivyo hivyo. Nilipofika getini kazini nikamsalimia mlinzi wetu, Ekai, kwa Kiturkana, "Ejok," akasahau hata kuniitikia.

"Fundi, umepigana na chui?"

"Nimenyoa."

"Na nani alikuwa amekushika?"

Wiki tatu nilitembea na vipande vya gazeti kidevuni. Ekai akawa ananisogelea kila asubuhi kunisoma, ati anatafuta matokeo ya mpira.

Basi mwezi uliopita nikatumwa Kakuma kutengeneza pampu za kambini. Pale sokoni, chini ya turubai, nikamkuta Mzee Lado, mkimbizi aliyekuwa kinyozi kwao Juba. Mkono wake wa kulia unatetemeka siku hizi, kwa hiyo kunyoa ndevu ameacha, ananyoa vichwa tu kwa mashine ya mkono. Alikitazama kidevu changu, akatikisa kichwa kama mtu aliyeingia matangani.

"Nani nafanya wewe hivi?"

"Mimi mwenyewe, Mzee."

"Lete hiyo wembe."

Akaujaribu kwenye nywele za mkono wake. "Wembe mzuri," akasema. "Mtu ndiyo mbaya."

Kila nikitoka kazini nikawa naenda kwake. Wiki nzima hakuniruhusu kugusa ndevu, ni kunoa tu kwenye mkanda wa ngozi. Wembe hutangulizwa mgongo. Mimi siku ya kwanza nikatanguliza makali, nikaukata mkanda aliotoka nao Juba. Hakunifokea. Aliushona mwenyewe, taratibu, mkono ukitetemeka, nami nimekaa pale nikitamani ardhi inimeze.

Halafu akanifundisha povu. "Hapa jua naiba maji. Paka kidogo, nyoa kidogo." Yaani unapaka sehemu ya kutosha vidole viwili, unaivuta ngozi, unanyoa, ndipo unahamia nyingine. Uso uliobaki usubiri zamu yake. "Shweya shweya," alikuwa akiniambia, polepole. "Wewe nanyoa kama nafungua boliti!"

Jumamosi iliyopita binti yake aliolewa, katika kanisa la kambini. Asubuhi nikamkuta amekalia kiti cha wateja wake, taulo shingoni.

"Leo mimi mteja."

"Mzee, vinyozi wamejaa hapa sokoni!"

"Hao sikufundisha."

Nikamnyoa, vidole viwili vidole viwili. Aliposimama uso uling'aa kama sufuria mpya. Kanisani wakwe walipouliza kinyozi ni nani, alininyooshea ule mkono unaotetemeka: "Mwanafunzi yangu." Mama, nilinyoosha shingo kama ngamia.

Msalimie Kaka, umwambie sijachinjika. Msalimie mkewe, shemeji yangu wa maandazi, na shangazi aliyenishonea shati, nililivaa harusini. Na jirani yetu mwalimu wa kwaya pia.

Mama, nilikuwa nimekwisha kuikunja karatasi hii, nimeikunjua tena. Kaka akishatoka, soma na hapa.

Damu ilikuwepo. Tone moja, chini ya kikoromeo cha Mzee Lado. Nilipoliona lile tone nikasimama, wembe hewani, nikasikia kicheko cha Kaka toka huko Wundanyi. Nilitaka kuukunja na kuurudisha kwenye leso.

"Naacha kwa nini?" akauliza, macho ameyafumba.

"Nimekukata, Mzee."

"Najua. Shingo ni yangu. Maliza."

Nikamaliza. Alijipaka shabu ya kuzuia damu mwenyewe, akaenda kumwozesha binti yake.

Basi amua wewe, Mama. Ukisema niurudishe, nitauleta Krismasi ukiwa umenolewa vizuri, nimpe Kaka mkononi. Lakini ujue kwamba nilimaliza.

Mwanao wa vidole vinene,
Mghendi