Maoni ya Upande wa Dirisha

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti lako limeacha kutabiri mvua, na kwamba wajukuu wamekubali hatimaye kulala kwenye vitanda vyao wenyewe. Shemeji msalimie sana. Mimi nipo, nakula, natembea, na hasira ninayo ya kututosha sote wawili.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Mara ya mwisho ulinilaumu kwamba nakukata maneno, na kwamba ulikuwa ukinieleza ugonjwa wa jirani yako mimi naitikia "vizuri sana, vizuri sana." Nikakujibu kwamba mtandao wa huko kwenu ni mbovu. Hilo tuliweke kiporo, nitalirudia.

Nianze na kilichonichoma. Unajua kwamba nafundisha kemia ya mwaka wa kwanza, somo la kuanzia, lile ambalo wenzangu wote wanalikimbia kama deni. Mimi nililiomba mwenyewe. Mtu aliyejifunza kemia kwa kukoroga pipa kwenye kiwanda cha sabuni, kabla hajaiona kitabuni, anajua kwamba mlango ukikosewa nyumba nzima imekosewa. Sasa chuo kimeleta utaratibu mpya: kila darasa linaandika maoni kuhusu somo na mwalimu wake, bila jina, na kutoa alama kati ya moja na tano. Mimi nimepata mbili nukta moja. Usidhani ni mbaya sana mpaka nikwambie kwamba kwenye karatasi hiyohiyo waliulizwa pia kuhusu majengo, na choo cha ghorofa ya pili, kile ambacho mlango wake unafungwa kwa kamba, kimepata mbili nukta sita. Dada, nimeshindwa na choo.

Maoni yenyewe nimeyasoma yote mia moja arobaini na nne. Mmoja ameandika kwamba somo ni zuri ila lingefaa liondolewe hesabu na harufu. Nikajiuliza, kitabaki nini, koti la maabara? Na koti nalo halikusalimika: wanne wameandika kwamba langu lina tundu kwenye kiwiko, na kwamba ukishaliona huwezi tena kufuata kinachosemwa. Mwingine amesema nafundisha kama mtu anayegombana na meza. Mwingine anasema profesa anajua sana, tatizo anajua peke yake. Kwa hilo, nakiri, nilicheka kidogo, kisha nikaacha.

Wanalalamika pia kwamba nafuta alama kwa sababu ya tone moja. Ni kweli nafuta. Ukidondosha dawa kwenye chupa, tone la mwisho linageuza maji kuwa waridi hafifu, hapo unasimama. Likizidi moja, rangi inakuwa nyekundu kama fizi, na jibu lako limekufa. Kule kiwandani magadi yakizidi, sabuni inachuna watu mikono. Hakuna aliyeniuliza maoni yangu kuhusu pipa.

Lakini lililonipandisha mori si hayo. Watu hamsini na nane, nasema hamsini na nane, wameandika kwa maneno tofauti kitu kimoja: kwamba nawadharau, kwamba wakiuliza swali sijibu, naendelea na kazi yangu kana kwamba aliyeuliza ni nzi. Mmoja amesema aliuliza moli, kile kipimo chetu cha kuhesabia chembe, ni nini tangu wiki ya kwanza na mpaka leo hajui, na sasa anaona aibu kuuliza tena. Mimi! Mimi ambaye darasani kwangu nimepiga marufuku kunyoosha mkono, ili mtu asingoje ruhusa! Nawaambia kila mwaka: macho yangu yako kwenye tone, mwenye swali aliseme palepale, kwa sababu pipa likitaka kufurika hunyooshi mkono, unapiga kelele. Mwalimu gani mwingine amewafungulia mlango hivyo?

Mkuu wa idara akaniita. Ni kijana niliyemfundisha mwenyewe namna ya kushika bomba la kupimia, leo ana kiti kinachozunguka. Akaniambia kwa upole, mwalimu, hawa vijana ni wateja wetu. Nikamwambia mteja ni yule anayejua alichokuja kununua. Akatabasamu lile tabasamu la watu wa vikao, akasema kamati itakaa, nijiandae kujieleza, na kwamba huenda mwaka wa kwanza akapewa mwenzangu mmoja chipukizi ambaye anaonyesha picha zinazotembea ukutani na kila baada ya sentensi anauliza, "tuko pamoja?" Mimi ningepewa wale wa shahada ya pili, watu wanne na kiyoyozi. Kwa wengine hiyo ni heshima. Kwangu ni kuzikwa na sanda nzuri.

Basi nikaapa kujibu kwa hesabu. Nilisaidiwa bila kukusudiwa na Mama Vioo, mtunza maabara wetu, ambaye wanafunzi walimpa jina hilo kwa sababu akisikia kioo kimevunjika anauliza jina la mvunjaji kabla ya kuuliza kama ameumia. Ukumbi wangu una njia katikati: kushoto kwangu madirisha, kulia kwangu mlango. Yeye alikusanya karatasi za upande wa dirisha, karani wa idara akakusanya za upande wa mlango. Mama Vioo na karani hawaaminiani hata kwa kuazimana kalamu, kwa hiyo alizifunga zake kwa mpira mbali, asije akasingiziwa kwamba amepoteza. Nami nikahesabu. Pande mbili karibu zinalingana kwa idadi. Lakini kati ya wale hamsini na nane waliosema nawadharau, hamsini na watatu walitoka dirishani. Watano tu mlangoni.

Dada, nilifurahi kama aliyeokota pete. Sarafu haianguki upande mmoja mara hamsini na tatu. Nikaona nimewakamata: wa dirishani ni wavivu, wanatazama nje, jua linawalaza, kisha wanakuja kunichafulia jina. Nikaandika utetezi wa kurasa sita, na michoro. Lakini mtu wa kemia hasimami kwenye dhana asiyoijaribu. Nikaamuru pande zibadilishane viti. Wa dirishani waje mlangoni, wa mlangoni waende dirishani. Nilitaka kamati ione kwamba wavivu ni wavivu hata uwahamishie wapi.

Walihama wakiguna, wengine wakisema Mzee sasa anatupanga kama chupa. Somo likaanza. Na wale wavivu, dada, wakaanza kuuliza. Tena maswali ya maana. Kijana mmoja mrefu ambaye sikuwahi kusikia sauti yake aliniuliza kwa nini chumvi inayeyuka lakini mchanga hauyeyuki, tukalifuata swali hilo mpaka muda ukaisha. Wakati huohuo wanafunzi wangu wazuri, wale wa mlangoni waliokuwa wakinichangamsha, wakazima kama taa. Nikadhani wamenigomea kwa sababu ya viti. Nikawaambia somo lililofuata, kwa ukali, kwamba ukimya wao nimeuona na haunitishi.

Kuna binti kati yao ambaye Mama Vioo anamwita Kwa Nini, kwa sababu hana neno jingine. Kipindi kilipokwisha alikuja mezani kwa hasira. Akaniambia ameniuliza mara tatu, na mara ya tatu alisimama, na mimi nikaendelea kutazama tone langu. Nikamwambia hukuuliza. Akasema darasa zima lilisikia. Nikamwambia haiwezekani, nilikuwa hapa. Akageuka kumtazama Mama Vioo aliyekuwa akikusanya vyombo, na Mama Vioo akainamia ndoo yake kama mtu anayetafuta sindano.

Wanafunzi walipotoka nikamtaka aseme. Akajizungusha, akasema Profesa mimi si mtu wa maneno, jambo ambalo si kweli hata kidogo. Mwisho akanitolea: kwamba yeye alishaacha kunisalimia akinipita kwa kushoto. Alisalimia muhula mzima wa kwanza, sikuitikia, akasema moyoni basi, wasomi ndivyo walivyo. Akinikuta kwa kulia naitikia mpaka namuuliza habari za watoto. Akadhani labda nina mwiko wangu.

Nikamwomba asimame dirishani, mimi nikasimama nyuma ya meza, nikainamisha macho kwenye bomba kama kawaida yangu, nikamwambia aseme chochote. Nikangoja. Nilipochoka nikainua kichwa kumwuliza anangoja nini, nikamkuta ameziba mdomo kwa kiganja na machozi yanamlengalenga. Alikuwa ameshasema. Hakukubali kunirudia alichosema. Nadhani alitumia nafasi hiyo kusema ya moyoni.

Nilikwenda kwa daktari wa masikio. Alinifungia kwenye kachumba kadogo kama kabati, akanivisha vitu masikioni, akanipa kitufe cha kubonyeza kila nikisikia mlio. Sikio la kulia nilibonyeza kama mpiga kinanda. Kisha akaniashiria kwamba tunakwenda la kushoto. Nikakaa tayari, kidole juu ya kitufe, nikingoja aanze. Akafungua mlango akaniambia tumemaliza. Hiyo ndiyo siri yangu, dada, na wewe ni wa kwanza wa damu yangu kuijua: sikio la kushoto limekufa, na limekuwa likifa polepole kwa miaka. Mtandao wenu hauna kosa lolote. Simu naishika kwa kushoto ili mkono wa kulia uwe huru kuandika. Na usiniletee ile methali ya sikio la kufa, daktari ameshanitania nayo.

Kwenye kamati nilikwenda na kurasa zangu sita mkobani na sikuzitoa. Nilisema tu kwamba hamsini na watatu walisema kweli, na kwamba hawakudharauliwa, hawakusikika, kwa kuwa walikaa upande wa sikio langu lililokufa, la kushoto. Mkuu wa idara hakutoa hotuba. Aliinuka, akakisukuma kiti chake kile cha kuzunguka kutoka kushoto kwangu mpaka kulia, akakaa, ndipo akaniuliza nataka nini. Nikamwambia nataka darasa langu. Wameniachia mpaka mwisho wa mwaka, ndipo maoni yachukuliwe upya. Meza yangu nimeihamishia pembeni, dirishani kabisa, ili wote wawe kulia kwangu. Moli nimeifundisha upya kutoka mwanzo, na sikumwuliza aliyekuwa akiiogopa ni nani. Nimevaa pia kidude sikioni. Kinapiga mluzi, kinaniletea kelele za viti na wanafunzi wakinong'ona, na ndicho kilichonijulisha kwamba kwa miaka yote hii jina langu chuoni ni Bwana Tone. Kwa Nini amenilalamikia kwamba sasa nasikia kupita kiasi. Sijui watu hawa wanataka nini.

Lakini dada, sikukuandikia yote haya ili unipe pole. Yule daktari aliniuliza kama kwenye ukoo wetu kuna mtu aliyewahi kuwa hivi. Nikasema hakuna. Nikalipia, nikatoka, na nilipofika katikati ya ngazi nikaketi. Nilimwona baba.

Nilimwona na nyundo yake na viatu vya watu, amekaa kibarazani, majirani wakimpita wakimwamkia, wengine anawaitikia wengine hawaitikii, mpaka mtaa mzima ukamwita Bwana Mkubwa. Nikaiona pia meza yetu ya chakula. Yeye katikati. Wewe kulia kwake, karibu na mlango, ili iwe rahisi kwenda kuchota maji. Mimi kushoto. Wewe ulikuwa ukisema neno baba anacheka. Mimi nilikuwa nikisema neno, na neno langu linaanguka chini kama punje ya wali. Nikajiambia mapema kabisa kwamba mtoto ni wewe.

Ile jioni kabla sijaondoka, wewe ulikuwa umekwenda kuchota maji. Nilimwambia baba kwamba nataka kurudi shule, sitaki kushona viatu. Nilisema mara mbili. Sauti yangu ndiyo kwanza ilikuwa inavunjika kwa balehe, sikuweza kuipandisha. Yeye aliendelea kutoa kibanzi cha ngozi kwenye kidole chake, wala hakuinua uso. Nikaona nimejibiwa. Alfajiri nikaenda zangu kiwandani, na tangu hapo kila anayeniuliza nilifikaje hapa namwambia sikusaidiwa na mtu, niliomba mara moja nikanyimwa. Nimelisema hilo kwenye sherehe yangu ya uprofesa, kwenye kipaza sauti. Nimelisema hata kwenye mazishi yake, si kwa sauti, lakini nimelisema.

Kwa hiyo nakuuliza, wewe uliyebaki naye mpaka mwisho, na unijibu kama unayemjibu hakimu. Baba alikuwa akigeuza kichwa upande gani ukimwita? Na baada ya mimi kuondoka, aliwahi kukuuliza kwa nini niliondoka?

Usinipigie simu. Kidude kipo, lakini jibu hili sitaki lipite kwenye mluzi. Niandikie, nilisome mwenyewe, polepole, nikiwa nimekaa.

Wajukuu wabusu kwenye vipaji vya nyuso. Goti lipake ile dawa hata kama inanuka. Kinachonuka ndicho kinachofanya kazi, hilo nakuhakikishia kitaalamu. Watakaokuuliza habari zangu waambie nimewaitikia wote, wa kulia na wa kushoto.

Ni mimi mdogo wako,

yule aliyekuwa akikaa kushoto kwa baba.