Vitunguu Vyako Nimeving'oa

Tumati,
Mbulu.
20 Februari 2025

Mpendwa kaka Patriki,

Shikamoo kaka. Mnaendeleaje huko Mtwara na joto lenu? Wifi Restituta hajambo? Na goti lako limepona, au bado unasingizia ngazi za ofisini? Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Mama ana kikohozi kidogo, lakini sauti ya kunigombeza haijapungua.

Kaka, keti kwanza. Vitunguu vyako vya kando ya bwawa nimeving'oa vyote.

Baada ya mvua za Januari jua liliwaka wiki tatu mfululizo, bwawa likafunikwa na utando wa kijani, mzito kama rangi ya mlango, na unanuka. Ndama wawili wa jirani yetu Gidamis walikunywa asubuhi, jioni wakawa wamekufa. Bwana mifugo alikuja akakataza maji yale kwa watu na wanyama. Alisema ukoga ule una sumu, na kuchemsha hakuiondoi. Sasa tunateka maji kwenye chemchemi ya juu, saa mbili kwenda na kurudi, na Mama kwa umri wake anaoga kwa kikombe.

Mimi kama mwenyekiti wa kamati ya maji nikaitisha mkutano. Nikawasema wafugaji kwa samadi waliyoirundika mtelemkoni, nikawasema mpaka nikaona raha. Gidamis akasimama, akauliza taratibu, "Natalia, na mbolea ya vitunguu vyenu, mvua ilipeleka wapi?" Nyani haoni kundule, kaka.

Ile mifuko minne ya urea uliyotuma Krismasi, shamba lile dogo lilihitaji mmoja tu. Lakini kila Jumapili ulipiga simu kuuliza kama imetumika, nami nikaona haya kuiacha zawadi yako stoo. Nikaimwaga yote. Kumbe mbolea inayonenepesha vitunguu ndiyo hiyohiyo inayonenepesha ukoga. Wewe ulituma kwa upendo, na ndama wa watu wamekufa. Imeniuma sana.

Najua lile ni fungu lako la urithi kwa Baba, na najua ulitegemea vitunguu hivyo kuezeka nyumba yako. Ilinipasa kukuuliza. Sikukuuliza kwa sababu ungesema tungoje mavuno, na mvua za Machi hazingoji mtu. Nisamehe kwa kutokuuliza. Kwa kung'oa siombi msamaha.

Pale nimepanda majani ya tembo, yanyonye mbolea iliyobaki kabla haijafika majini. Siku ya pili ya kazi hiyo Gidamis alikuja na punda wake, akaanza kuhamisha samadi yake. Wengine wakafuata. Sasa mita sitini kuzunguka bwawa hakuna jembe wala zizi. Maji huenda yakachukua misimu miwili kusafika. Tutangoja huku tunalinda, na atakayerudisha jembe pale atakutana na mimi, hata akiwa wewe.

Nisalimie wifi, na wanao Safari na Irene. Waambie shangazi yao hajawasahau. Huku ndugu yetu Margwe na watoto wake wanakusalimu.

Mama naye anakusalimu. Ukitaka kugomba, anza naye: mimi nilikuwa nimesimama shambani naogopa hasira yako, yeye akainama akang'oa mstari wa kwanza.

Mungu akulinde, na alinde maji unayokunywa.

Dada yako akupendaye hata ukinuna,
Natalia